Mendel na Maharagwe Yaliyomshinda

Gregor Mendel mwamjua kwa minji zake za darasa la bayolojia. Lakini je, mwajua habari ya maharagwe?

Mtawa huyu alizaliwa mwaka wa 1822, akaishi katika makao ya watawa mjini Brno. Mwaka wa 1850 alianguka mtihani wa ualimu, lakini hakukata tamaa. Minji zilimpa majibu safi. Basi akachukua maharagwe mafupi, akayachavusha kwa chavua ya spishi nyingine, ile ndefu inayotambaa. Ala! Machotara 17 yalitoa maua mamia kwa mamia, lakini mbegu zilikuwa 49 tu.

Leo twajua kwamba spishi mbili za maharagwe zikichanganywa, mara nyingi kiinitete hufa kingali kichanga ndani ya mbegu. Wataalamu hukitoa mapema na kukilea chupani kwa lishe maalum.

Mendel hakuficha matokeo hayo. Aliyachapisha mwaka wa 1866. Alifariki mwaka wa 1884, na sifa zikaja mwaka wa 1900.

Wenzangu, jaribio likikataa maabarani, tusinakili majibu ya jirani. Tuandike tulichokiona.