Stevenson na Haramia wa Mkongojo

Robert Louis Stevenson alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1850, katika ukoo wa wajenzi wa minara ya taa za baharini. Maradhi ya kifua yalimlaza kitandani mara nyingi utotoni, na yaya wake akamliwaza kwa hadithi. Baba yake alimtaka awe mhandisi. Yeye alisomea sheria, wala hiyo nayo hakuidumu, akashika kalamu.

Mwaka 1875 alijuana na mshairi William Ernest Henley, aliyekuwa amelazwa hospitali mjini humo. Henley alikwisha kukatwa mguu mmoja, lakini alikuwa mtu wa nguvu na kicheko kikubwa. Mwaka 1881, kijijini Braemar, Stevenson na mwanawe wa kambo, Lloyd, walijiburudisha kwa kuchora ramani ya kisiwa, na ramani hiyo ikazaa hadithi. Ilitoka kitabu mwaka 1883, ikafasiriwa baadaye kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina.

Humo yumo Long John Silver, mpishi wa merikebu na mkuu wa maharamia. Stevenson alichukua nguvu, ushujaa na uchangamfu wa rafiki yake, akauondoa wema. Basi haishangazi kwamba watoto aghalabu humpenda Silver kuliko Daktari Livesey, mtu mwaminifu asiye na doa. La Livesey twalijua kabla hajalitenda. La Silver hatulijui. Tena humtendea kijana Jim kwa upole kuliko wakubwa wengi.

Twajua walimu ambao, kwa kuhofia mapenzi hayo, humsoma Silver kwa sauti ya zimwi tangu ukurasa wa kwanza. Twaona wanaiharibu hadithi. Jim, akiwa ndani ya pipa la matufaha, asikiapo njama za Silver, huumia kwa kuwa alimwamini. Na darasa lisilomwamini Silver haliwezi kuumia pamoja naye. Afadhali mwalimu awaache wampende, kisha asiiruke sura ambamo Silver anamwangusha baharia Tom kwa mkongojo na kumchoma kisu. Hapo afunge kitabu, aulize.

Stevenson hakumnyonga haramia wake. Alimwacha atoroke na mfuko wa fedha. Yeye mwenyewe alifariki Samoa mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 44, na wenyeji walimwita Tusitala, yaani msimulizi wa hadithi. Watoto watauliza Silver alikwenda wapi. Kitabu hakisemi.