Roger Casement: Balozi mdogo aliyefichua mateso ya Kongo

Miongoni mwa watu waliojenga msingi wa harakati za kisasa dhidi ya utesaji, jina la Roger Casement hutajwa kwa heshima na majonzi. Heshima ni kwa ripoti zake mbili zilizofichua ukatili wa Kongo na Amazon. Majonzi ni kwamba serikali iliyomtunuku kwa kazi hiyo ndiyo iliyokuja kumnyonga.

Casement alizaliwa Septemba 1, 1864 huko Sandycove, Dublin, wakati Ireland ikiwa chini ya Uingereza. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mtoto, akalelewa na jamaa za baba yake huko Antrim, kaskazini. Alipokuwa kijana aliajiriwa na kampuni ya meli ya Elder Dempster mjini Liverpool, na mwaka 1884 akaenda Kongo kutumikia chama cha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kama wenzake wengi, aliamini wakati huo kwamba biashara na utawala wa Wazungu vingewaletea wenyeji maendeleo.

Mwaka 1885 Leopold aliifanya nchi hiyo kuwa milki yake binafsi, ikiitwa Dola Huru ya Kongo. Mahitaji ya mpira yalipopanda duniani, kila kijiji kilipangiwa kiasi cha utomvu wa kukusanya msituni. Waliopungukiwa walichapwa kiboko, mjeledi wa ngozi kavu ya mnyama huyo. Wanawake walishikwa mateka mpaka waume zao walete mpira. Askari walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi bure kwa kuleta mikono ya waliouawa, na wapo watu waliokatwa mikono wangali hai.

Habari hizo zililifikia Bunge la Uingereza, ambalo Mei 1903 liliitaka serikali kuchukua hatua. Casement, aliyekuwa balozi mdogo huko Kongo, alitumwa bara kuchunguza. Aliukataa usafiri wa dola na badala yake akakodi meli ndogo ya wamisionari wa Kimarekani, ili maofisa wa Leopold wasimchagulie mahali pa kwenda na mtu wa kuzungumza naye. Baadhi ya vijiji alivyovijua tangu mwaka 1887 alivikuta vimebaki na watu wachache mno. Aliwasikiliza walionusurika na kuandika nani alitendewa nini, wapi, lini na nani.

Ripoti yake ilichapishwa Februari 1904, lakini Wizara ya Mambo ya Nje ilikuwa imeondoa majina ya watu na mahali na kuweka herufi tupu. Casement alikasirika sana, kwa kuwa ushahidi usio na majina ni rahisi kukanushwa. Hata hivyo watetezi wa Leopold walijaribu pia kuubomoa ushahidi uliojulikana mwenyewe: kuhusu kijana mmoja aliyeitwa Epondo, walidai mkono wake uliharibiwa na nguruwe mwitu.

Casement alitambua kwamba ripoti pekee isingetosha. Machi 1904, kwa msukumo wake, E. D. Morel alianzisha Chama cha Mageuzi ya Kongo mjini Liverpool. Kwa kuwa mtumishi wa serikali hangeweza kukiongoza hadharani, Casement alitoa pauni 100 za kukianzisha. Morel naye alikuwa karani wa zamani wa Elder Dempster, na aliugundua uovu huo alipoona meli zikifika Ulaya zimejaa mpira na pembe za ndovu, kisha zikirudi Kongo na bunduki na risasi badala ya bidhaa za kubadilishana. Picha za mmisionari Alice Seeley Harris zilioneshwa katika mikutano ya hadhara Uingereza na Marekani.

Shinikizo lilimlazimu Leopold kuunda tume yake mwenyewe, ambayo mwaka 1905 ilithibitisha sehemu kubwa ya madai hayo. Mwaka 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka kwa mfalme. Mateso hayakwisha siku hiyo, kwani kiboko kiliendelea kutumika kwa miongo kadhaa chini ya serikali ya kikoloni.

Mwaka 1910 Casement alitumwa eneo la mto Putumayo, Amazon, ambako kampuni ya mpira iliyosajiliwa London iliwatesa Wahuitoto, Wabora na makabila mengine kwa kuwachapa, kuwafunga kwenye mkatale na kuwanyima chakula. Safari hiyo ilitokana pia na shinikizo la Jumuiya ya Kupinga Utumwa ya Uingereza. Mwaka 1911 alitunukiwa cheo cha Sir, na mwaka uliofuata ripoti yake ikachapishwa. Kampuni ilivunjwa, lakini mkuu wake, Julio César Arana, hakuadhibiwa, na baadaye alikuwa seneta nchini Peru.

Aliyoyaona Kongo na Amazon yalimfanya aitazame upya nchi yake. Alijiuzulu mwaka 1913 na kujiunga na wapigania uhuru wa Ireland. Vita Kuu ilipozuka, alikwenda Ujerumani kutafuta silaha. Alikamatwa Aprili 21, 1916, mara tu baada ya kuteremshwa na manowari ya Kijerumani katika pwani ya Kerry. Alihukumiwa kifo kwa uhaini na kuvuliwa cheo chake. Watu mashuhuri walipomwombea msamaha, maofisa wa serikali walisambaza kwa siri kurasa za shajara zilizohusu maisha yake ya faragha na mapenzi yake kwa wanaume, ili kuwavunja moyo waliomtetea. Alinyongwa katika gereza la Pentonville, London, Agosti 3, 1916, akiwa na umri wa miaka 51.

Mabaki yake yalirejeshwa Ireland mwaka 1965 na kuzikwa Dublin kwa heshima zote za taifa. Utaratibu wake wa kumfuata aliyeteswa mahali alipo, kumsikiliza na kuandika jina la mtesaji ndio unaotumiwa hadi leo na mashirika ya kutetea haki za binadamu.