Bessie Coleman: Alianza na Kifaransa, Ndege Zikafuata

Uko na kitabu cha hali ya hewa mezani, kingine cha sheria za anga, na mtihani wa nadharia ya urubani umekaribia. Ukurasa mmoja umeusoma mara tatu na hauingii. Hebu funga kitabu dakika tano nikupe stori ya dada mmoja.

Bessie Coleman alizaliwa Januari 26, 1892, Atlanta, mji mdogo ulioko Texas, Marekani. Usiuchanganye na ule mkubwa wa Georgia. Alikuwa mtoto wa 10 kati ya 13, na wazazi wake walilima mashamba ya wenyewe. Msimu wa pamba ukifika, shule ilisimama na watoto wakaenda kuchuma. Lakini hesabu, huyo msichana alikuwa anaziweza kweli.

Alifua nguo za watu akaweka akiba, na 1910 akajiunga na chuo Langston, Oklahoma. Muhula mmoja tu, pesa zikaisha, akarudi nyumbani kwa beseni lake la kufua. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo hapo huwa nanyamaza kidogo.

Baadaye alihamia Chicago, akapata kazi kwenye kinyozi, akiwatengeneza wateja kucha. Kaka yake John aliporudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia alimtania kwamba wanawake wa Ufaransa wanarusha ndege na yeye hawezi. Bessie aliyachukulia maneno hayo kwa uzito. Akaomba nafasi shule za urubani Marekani, zote zikamkataa. Alikuwa mwanamke, tena Mweusi.

Robert Abbott, mwenye gazeti la Chicago Defender, akamshauri ajifunze Kifaransa aende Ufaransa. Sasa fikiria hilo. Wewe unalalamikia maneno magumu ya vitabu vya Kiingereza, lugha uliyoisoma tangu darasa la kwanza. Yeye alianza lugha mpya akiwa mtu mzima anayechapa kazi, ndipo aweze kumwelewa mwalimu akimweleza injini na usukani.

Novemba 1920 alipanda meli. Alisoma katika shule ya ndugu wa Caudron huko Le Crotoy, kwa ndege za mbao na vitambaa. Alimwona mwanafunzi mwenzake akianguka na kufa, na bado akaendelea. Juni 15, 1921 akapata leseni ya kimataifa ya FAI, mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kuipata.

Nyumbani alirudi kuwa nyota wa maonyesho ya angani. Ukitaka watu Weusi wapitie lango lao tofauti, yeye haruki. Ndoto yake kubwa ilikuwa kufungua shule ya urubani ili mwingine asilazimike kuvuka bahari kama yeye.

Hakuifungua. Aprili 30, 1926, Jacksonville, Florida, alipanda ndege kuukuu aliyokuwa ameinunua, fundi wake William Wills akiirusha. Bessie hakufunga mkanda kwa sababu alitaka kuchungulia chini, achague mahali pa kuruka na mwavuli kesho yake. Ndege ikapinduka ghafla, naye akaanguka. Wills pia alikufa ilipogonga ardhi. Ilikutwa spana imekwama kwenye mitambo ya kuiongoza. Bessie alikuwa na miaka 34.

1929, William Powell alianzisha klabu ya urubani Los Angeles kwa jina la Bessie, na vijana Weusi wakaanza kujifunza kuruka.

Haya, dakika tano zimeisha. Ile sura inayokuchosha, ya kukagua ndege kabla ya kuruka, kufunga mikanda na kuhakikisha hakuna kifaa kimeachwa ovyo, ndiyo sura ya spana ile. Fungua kitabu, bana. Anzia hapo.