Nellie Bly, mwandishi aliyeingia mwenyewe kati ya wagonjwa

Kila mara tunapotangaza habari ya afya, sisi waandishi wa habari tunapashwa kujiuliza: je, tumemsikiliza mgonjwa mwenyewe, ao tumesikiliza waganga na wakubwa tu? Mwanamke mmoja wa Marekani alishajibu swali hilo zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Alizaliwa tarehe 5 Mei 1864 katika jimbo la Pennsylvania, kwa jina la Elizabeth Cochran. Baba yake alikufa yeye akiwa bado mtoto, na kwa kukosa pesa akaacha masomo ya ualimu. Mwaka 1885 alianza kazi katika gazeti moja la mji wa Pittsburgh. Ni hapo walimupa jina la Nellie Bly.

Mwaka 1887, akiwa na miaka 23, alijifanya mwenye kuchanganyikiwa akili ili gazeti la New York World lijue mambo ya hospitali ya wanawake wagonjwa wa akili, kwenye kisiwa cha Blackwell's. Waganga wakamuamini. Alipofika kule akaacha kujifanya, akaongea kama kawaida, lakini hakuna aliyemusikiliza. Alikaa siku 10. Aliona chakula kibaya, baridi kali, wanawake wakiogeshwa moja kisha mwingine katika maji yale yale, na kukalishwa kwenye mabenchi kutwa nzima.

Tena alikuta wageni, kati yao Mjerumani, wasiojua Kiingereza. Hawakutafutiwa mkalimani. Mama wa watu akafungiwa bila kujua sababu, bila njia ya kujitetea.

Habari ilipotoka, uchunguzi ukafunguliwa, na pesa za kutunza wagonjwa zikaongezwa. Baadaye Bly akazunguka dunia kwa siku 72, akaandika pia juu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Alikufa New York tarehe 27 Januari 1922, kwa ugonjwa wa mapafu.

Huku kwetu, wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020, mama wa Beni ao Butembo anayeongea Kinande nyumbani alihitaji maelezo katika lugha yake. Pasipo maelezo, uvumi ndio unajaza nafasi. Tujifunze kwa Bly: kabla ya kufungua mikro, twende tuwaulize wale wasioulizwa, na katika lugha yao.