Mpoyi, karani aliyesimama na batumishi

Léonard Mpoyi alikuwa karani wa Union Minière kule Elisabethville, leo Lubumbashi. Mu 1941, vita ya dunia ilipandisha bei sokoni na kuzidisha kazi, lakini mushahara wa weusi ulibakia kidogo. Bazungu wa kampani waliungana, wakadai, wakasikilizwa. Weusi hawakuwa na ruhusa ya kuunda sendika. Basi ile Desemba waliacha kazi, wakakusanyika kwenye uwanja wa mupira, Mpoyi akiwasemea. Tarehe 9, mbele ya gavana Maron, askari walipiga risasi. Mpoyi alikufa pale, na wenzake wengi. Ruhusa ya sendika kwa weusi ilikuja 1946. Ndugu mutumishi, mukubwa akikuambia sendika ni zawadi ya kampani, mukumbushe Mpoyi.