Dk Willem Dicke: Aliyemsikiliza mama, akaokoa utumbo wa watoto

Ndugu msomaji, kama una mtoto anayeharisha kwa miezi, tumbo limejaa lakini mikono na miguu imekonda, unajua uchungu wa kumlisha mtu ambaye chakula hakimjengi. Katika nchi tajiri, utumbo ukishindwa kabisa kazi, mgonjwa huweza kulishwa kwa mshipa akiwa nyumbani kwake. Kwa wengi wetu huduma hiyo haipatikani. Leo nakusimulia habari za daktari aliyefanya kazi wakati haikuwapo popote duniani.

Willem Karel Dicke alizaliwa mwaka 1905 mjini Dordrecht, Uholanzi. Alisomea udaktari Leiden, kisha akabobea katika magonjwa ya watoto kwenye Hospitali ya Watoto ya Juliana, The Hague. Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 31 tu, akawa mkurugenzi wa tiba wa hospitali hiyo.

Kati ya wagonjwa wake walikuwamo watoto wenye ugonjwa wa siliaki. Walikula, lakini utumbo haukufyonza kitu. Madaktari walijua tiba iko kwenye chakula, ila hawakujua ni chakula kipi chenye madhara. Baadhi waliwakataza watoto mafuta, wengine waliwalisha ndizi mbivu. Watoto walipata nafuu, wakarudia kuugua, na baadhi walikufa.

Katika miaka hiyo ya 1930, mama mmoja alimweleza Dicke kuwa mwanawe hupata nafuu anapoacha kumpa mkate. Dicke hakumpuuza. Aliwapa watoto chakula kisicho na ngano, akafuatilia uzito wao kwa muda mrefu, na mwaka 1941 akachapisha matokeo. Wachache walimsikia, maana dunia ilikuwa vitani.

Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, majeshi ya Ujerumani yalizuia chakula kufika magharibi mwa Uholanzi. Watu takriban 20,000 walikufa kwa njaa, na wengine walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Lakini watoto wa siliaki, waliokosa mkate kama wengine, walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi. Dicke akazidi kuwa na uhakika.

Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Pamoja na wenzake, van de Kamer na Weijers, alipima mafuta yanayopotea kwenye kinyesi, wakathibitisha kuwa mkosaji ni gluteni, protini ya ngano, wala si wanga wake. Mwaka 1957 akawa profesa Utrecht. Alifariki mwaka 1962, akiwa na miaka 57.

Wewe mzazi unapata nini hapa? Kwanza, usikimbilie kumwachisha mtoto ngano. Kuharisha kwa muda mrefu kuna sababu nyingi, zikiwamo vimelea, kifua kikuu cha utumbo na VVU. Kipimo cha damu cha siliaki hufanywa mtoto akiwa bado anakula ngano. Ukimwachisha mapema, majibu yanaweza kudanganya.

Pili, ikithibitika ni siliaki, ngano, shayiri na rai huachwa maisha yote. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, viazi, ndizi, mtama na ulezi havina gluteni. Epuka mkate, chapati, maandazi, tambi na biskuti. Uliza pia kama unga wa uji wa lishe umechanganywa na ngano, au umesagwa kwenye mashine inayosaga ngano.

Tatu, kwa aliyekatwa utumbo, kuacha mkate hakutamponya. Huyo huhitaji milo midogo ya mara kwa mara. Mara nyingi hufaidika zaidi akinywa maji ya ORS kidogo kidogo kuliko maji matupu mengi au soda, kwa maelekezo ya daktari wake. Akikosa mkojo, akilegea au macho yakididimia, mpeleke hospitali mara moja.

Mwisho, nunua daftari. Andika kila siku mtoto alichokula, alipata choo mara ngapi na kikoje, na kila akipimwa kliniki andika uzito wake. Siku ya kumwona daktari, lifungue mezani. Yule mama wa Uholanzi hakuwa na kipimo chochote ila macho yake, na hayo yalitosha kumfungulia daktari njia.