Hugh Everett na Mashine Yenye Kumbukumbu



Huenda umewahi kulala kitandani ukajiuliza: ingekuwaje kama babu asingefunga safari? Ungekuwa unaishi wapi sasa? Ungecheza na nani, na ndoto zako ungeziota kwa lugha gani? Watoto wengi wa familia zilizohama huwaza hivyo. Leo nataka ukutane na mtu aliyelichukua swali linalofanana na hilo akalipeleka kwenye hesabu za fizikia. Jina lake ni Hugh Everett.

Everett alizaliwa tarehe 11 Novemba 1930 mjini Washington, Marekani. Alipokuwa na miaka 12, umri wa baadhi yenu, alimwandikia barua Albert Einstein, mwanasayansi maarufu sana wa wakati ule. Alikuwa ameshikwa na kitendawili cha zamani: nguvu isiyozuilika ikikutana na kitu kisichosukumika, nini hutokea? Einstein alimjibu. Alimweleza kwamba nguvu ya namna hiyo haipo, wala kitu cha namna hiyo hakipo, ila inaonekana yupo mtoto mmoja mkaidi aliyejipenyeza katika matatizo aliyojitengenezea mwenyewe. Ulikuwa utani wa mzee kwa mtoto, lakini ulimpata barabara.

Alisoma kwanza uhandisi wa kemia, kisha mwaka 1953 akaingia Chuo Kikuu cha Princeton. Huko alizama katika fizikia ya kwantamu, yaani elimu ya vitu vidogo mno kama elektroni. Sasa nifuate polepole. Elektroni ikiwa na njia mbili mbele yake, ya kushoto na ya kulia, hesabu za elimu hiyo hubeba njia zote mbili kwa pamoja. Lakini tukiitazama kwa chombo, tunaikuta upande mmoja tu. Je, ule upande wa pili umekwenda wapi?

Vitabu vya wakati ule vilijibu kwamba mtu akishatazama, njia moja hubaki na nyingine hufutika. Everett hakuridhika. Huyo mtazamaji ni nani hata macho yake yafute kitu? Yeye naye si ameumbwa kwa atomu zilezile?

Basi akamwondoa mtu na mahali pake akaweka mashine. Katika tasnifu yake alieleza mtazamaji ambaye ni mashine inayojiendesha yenyewe, yenye vifaa vya kuhisi, na yenye kumbukumbu ya kuandikia kila ilichokiona. Leo tungeiita roboti. Ulikuwa ujanja mzuri. Kuhusu nafsi ya binadamu watu wanaweza kubishana hadi kuche, lakini hakuna atakayedai kwamba mashine ya chuma na nyaya inaishi nje ya sheria za maumbile.

Sasa mwachie roboti huyo aitazame elektroni. Everett alizifuata hesabu zilezile bila kuongeza wala kufuta kitu, akaona zinakofika. Kuna tawi ambalo roboti ameandika kushoto, na kuna tawi jingine ambalo roboti huyohuyo ameandika kulia. Matawi yote mawili yanaendelea. Katika kila tawi roboti anaamini ameona jibu moja tu, maana kumbukumbu yake ina jibu moja tu, na hana njia ya kumwona mwenzake. Na ikiwa ni hivyo kwa roboti, basi ni hivyo kwako na kwangu. Baadaye watu waliyaita matawi hayo malimwengu sambamba.

Utasema: mbona mimi sijisikii nikigawanyika? Mwanafizikia Bryce DeWitt alimpinga Everett kwa hoja hiyohiyo. Everett akamjibu kwa kumkumbusha kwamba dunia inazunguka na kukimbia angani, na hakuna hata mmoja wetu anayeihisi ikienda. Sayansi yenyewe inatueleza kwa nini hatuihisi. DeWitt alikubali kwamba amejibiwa.

Wengine hawakukubali. Mwalimu wake, John Wheeler, alimtaka aifupishe tasnifu sana, na mwaka 1957 ilitoka ikiwa imepunguzwa mno. Mwaka 1959 Everett alisafiri hadi Copenhagen kuonana na Niels Bohr, mkuu wa wanafizikia wa kwantamu. Bohr hakushawishika hata kidogo. Everett hakuandika tena makala juu ya jambo hilo. Tayari alikuwa akifanya kazi Pentagon, makao ya ulinzi ya Marekani, akipiga hesabu za kompyuta kuhusu vita vya nyuklia na maafa yake. Kijana aliyefungua matawi yasiyo na idadi sasa alikuwa akihesabu namna tawi letu hili linavyoweza kuteketea.

Nyumbani alikuwa na mke na watoto wawili. Alikuwa baba aliyekuwepo mezani, lakini kimya. Mwanawe Mark, ambaye sasa ni mwanamuziki, amesimulia hadharani kwamba hakumjua baba yake.

Mwaka 1970 yule DeWitt aliyempinga aliandika makala ya kumtetea, na mwaka 1973 tasnifu ndefu ikachapishwa hatimaye. Mwaka 1977 Everett alialikwa Texas kuzungumza, na safari hii vijana walimsikiliza. Mmoja wao, David Deutsch, baadaye akawa mwanzilishi wa nadharia ya kompyuta za kwantamu, na akapendekeza jaribio ambalo mtazamaji wake angekuwa mashine yenye akili. Mashine hiyo bado haijaundwa. Wala hakuna aliyewahi kuuona ulimwengu wa pili, na wanafizikia wengi mpaka leo hawakubaliani na Everett. Wazo lake limebaki kuwa swali lililo hai.

Everett alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwezi Julai 1982, akiwa na miaka 51. Aliyemkuta ni Mark, kijana wa miaka 19. Miaka 25 baadaye Mark alitengeneza filamu na BBC, akizunguka kwa wanafizikia na marafiki wa zamani wa baba yake ili waeleze mzee wake alikuwa akiwaza nini. Alipata majibu mengi, lakini yote kwa vinywa vya watu wengine.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usione haya kuuliza swali gumu, hata kama mkubwa atacheka. Kuuliza si ujinga. Nanyi wazazi, mna tawi mlilolifuata mkaacha mengine: mtaa mlioondoka, kazi mliyoiacha, rafiki mliyemuaga. Watoto wenu hawana njia ya kuyaona hayo isipokuwa mkiwasimulia.

Kazi ya wiki hii ni ndogo. Kaa na baba, mama, bibi au babu, umwulize kwa Kiswahili: siku ile mlipoamua kuondoka, mlikuwa mnawaza nini? Kisha andika jibu lake katika daftari lako.